Kipupwe kikiingia Kongwa, wadudu huenda wapi?

"Naishi Kongwa. Nalima mtama na mahindi, nina ng'ombe wachache na mizinga sita ya nyuki. Kila mwaka kuanzia Juni mpaka Agosti baridi na upepo vinatusumbua, na wadudu wanapotea kabisa. Kijana wangu anasoma Poland, ananiambia kule theluji ikianguka wadudu wote hufa, ndiyo maana mashamba yao yana nafuu. Nikaamini hata wa kwetu baridi inawamaliza. Lakini mvua ya kwanza ikipiga, jioni hiyohiyo kumbikumbi wametoka, wiki haijaisha mbu wamejaa, na mtama ukichipua tu viwavi hawa hapa. Jirani yangu anasema wanashuka na mvua. Je, wanatoka wapi? Nikichoma mabua yote nitawamaliza? Shida ni kwamba mabua hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wangu. Na mwaka huu nyuki wamehama mizinga minne mwezi wa saba. Ni baridi imewafukuza?"

Mama, shikamoo. Wadudu wako hawakufa mwezi wa saba. Wengi walikuwa palepale shambani, hatua chache kutoka njia unayopita kwenda kuchota maji. Baridi ya Kongwa haina ubavu wa kuwaua. Kilichowaondoa machoni pako ni ukavu, na ukilishika hilo, swali la mabua na swali la nyuki yote mawili yatapata jibu.

Tuanze na hiyo baridi. Mji wa Dodoma, ulio mkoa mmoja na Kongwa yako, uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na kwenye maeneo ya juu ya Kongwa na Mpwapwa hushuka zaidi kidogo. Kwa binadamu aliyezoea jua la Novemba, na upepo ule ukivuma, hiyo ni baridi ya kutafuta blanketi. Kwa mdudu ni baridi ya kumfanya awe mzito na mvivu tu. Mwili wake hauna joto lake wenyewe kama wetu, unafuata joto la mahali alipo, hivyo asubuhi ya kipupwe hatembei wala haruki mpaka jua limpashe. Kuzubaa ni jambo moja na kufa ni jingine. Baridi inayoua wadudu wengi ni ile inayogandisha maji ndani ya miili yao, maana vipande vya barafu vina ncha na hupasua chembe hai. Kwetu hatufiki huko.

Sasa hebu tazama mvua. Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya kiangazi. Majani yanakauka, maua yanapukutika, madimbwi yanabaki nyufa. Mdudu ana mwili mdogo mno, na mwili mdogo hukauka upesi kuliko mkubwa. Kwa hiyo adui yake wa kwanza hapa kwetu ni kiu, wa pili njaa. Kipupwe kinaangukia ndani ya kiangazi hichohicho, ndiyo maana ni rahisi baridi kulaumiwa kwa kazi iliyofanywa na ukame.

Kijana wako naye amekosea, ingawa simlaumu, maana mtu akitazama shamba lililofunikwa na theluji haoni chochote kinachotikisika. Mwambie awaulize wakulima wa viazi wa hukohuko Poland. Wanaye mbawakawa mmoja mwenye mistari myeusi na ya njano anayekula majani ya viazi. Majira ya baridi yakikaribia anajichimbia ardhini na kulala humo miezi yote ya theluji, kisha udongo ukipata joto anapanda juu akiwa mzima. Theluji yenyewe inamsaidia, kwa sababu ikiwa nene huzuia baridi kali ya angani isifike kwenye udongo. Juu inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na chini ya theluji udongo ukabaki karibu na sifuri.

Wapo pia wasiojichimbia. Hawa hutengeneza ndani ya miili yao gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu, pamoja na sukari ili maji ya mwilini yasigande upesi. Mama, kama umewahi kugandisha barafu za ubuyu za kuuza, unajua kwamba zile zilizozidishwa sukari huchelewa kushikana. Mdudu anafanya hivyohivyo na damu yake. Kabla ya baridi anaacha kula na anasafisha tumbo, kwa sababu uchafu wa tumboni ndio mahali barafu hupenda kuanzia. Wachache wanakwenda mbali zaidi na kukubali kuganda. Kule Amerika Kaskazini kuna funza wa nzi mmoja anayeishi ndani ya uvimbe kwenye shina la mmea. Maji mengi yaliyo nje ya chembe zake huganda, yale ya ndani ya chembe hulindwa na gliseroli, na joto likirudi anayeyuka na kuendelea na maisha.

Huko Ulaya wapo pia funza wa mabua ya mahindi. Si aina ya kwetu, lakini tabia ni ileile: funza aliyekomaa hujifungia ndani ya bua lililobaki shambani baada ya mavuno, hulala humo majira yote ya baridi, kisha hugeuka pupa na kuruka akiwa nondo wakati mahindi mapya yameota. Kwa hiyo mkulima wa kule ana mzigo uleule wa kujiuliza afanye nini na mabua yake. Theluji haijamtua mzigo huo.

Huku kulala watafiti hukuita dayapozi, nami nitakuita usingizi wa msimu. Ni tofauti na kuzubaa kwa asubuhi. Aliyezubaa kwa baridi akipashwa na jua anaamka palepale. Aliye kwenye usingizi wa msimu ameamriwa na ubongo wake: homoni za kukua na za kuzaa zimezimwa, kupumua kumepungua, na anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Anaingia usingizini kabla hali haijawa mbaya, wakati chakula bado kipo cha kumnenepesha. Tena haamki kwa siku moja nzuri. Ndiyo maana manyunyu ya kupita ya Oktoba hayawatoi wote. Baadhi hutoka na kufa mvua ikikatika, wengine hubaki wamelala, na kizazi kinaokolewa na hao waliobaki.

Anajuaje kwamba msimu unabadilika? Ulaya anasoma urefu wa mchana. Pale Warszawa mchana wa Juni unapita saa 16, na wa Desemba haufiki 8, kwa hiyo ishara iko wazi. Sisi hapa, kati ya Juni na Desemba mchana unatofautiana kwa dakika 40 hivi tu. Wadudu wetu wengi wanategemea zaidi ishara nyingine: mmea unaokomaa na kukauka, unyevu unaopungua na, kwa baadhi yao, joto linaloshuka. Yuko kipepeo mdogo wa kahawia wa mashariki na kusini mwa Afrika, kwa jina la kisayansi Bicyclus anynana, ambaye kiwavi wake akikulia kwenye joto la masika anatoka na madoa makubwa ya duara kama macho kwenye mabawa. Akikulia kwenye ubaridi wa mwisho wa mvua anatoka bila madoa hayo, rangi yake kama jani kavu, na anachelewa kuzaa mpaka kijani kirudi. Ubaridi ule unaokutesa wewe, kwake ni taarifa kwamba kiangazi kinakuja, na amekwisha kuvaa kwa ajili yake. Mimi kila nikikumbuka hilo namshukuru Mungu kwa kazi hii niliyoichagua.

Na kuna mmoja siwezi kumpita. Kwenye vidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria anaishi usubi asiyeuma, jina lake Polypedilum vanderplanki. Kidimbwi kikikauka, buu lake linakauka nacho, mpaka maji mwilini yanabaki asilimia 3 hivi. Nafasi ya maji inashikwa na sukari iitwayo trehalosi, inayozishikilia chembe zisisambaratike. Mtafiti wa Uingereza, Howard Hinton, alieleza mwaka 1960 jinsi mabuu hayo makavu yalivyostahimili hadi nyuzi 270 chini ya sifuri. Baadaye, mengine yaliyohifadhiwa makavu kwa miaka 17 yaliamka yalipotiwa maji. Mdudu wa nchi ya joto, asiyejua theluji, anaishinda baridi yoyote ya Poland kwa sababu tu amejifunza kukabili ukame. Dawa ya baridi na dawa ya kiu ni karibu moja: sukari, mafuta na kupunguza matumizi. Miamba ya Dodoma nayo ina vidimbwi vya aina hiyo, na natamani wanafunzi wa biolojia pale Chuo Kikuu cha Dodoma wavipekue kimoja kimoja.

Turudi kwako. Kumbikumbi hawakulala popote. Kichuguu ni mji unaofanya kazi mwaka mzima, kina unyevu na joto lake chini ya ardhi, na wenye mabawa walikwisha kukomaa humo ndani wakisubiri udongo ulainike ili jozi zikiruka ziweze kuchimba. Ndiyo maana wanatoka jioni ileile. Wale si wageni.

Mbu ni wa aina mbili kwa suala hili. Wale weusi wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana na kueneza dengi, huacha mayai yamegandamana kwenye kuta za ndani za ndoo, mitungi, matangi na matairi, juu kidogo ya maji. Yanakauka na yanaweza kudumu hivyo kwa miezi mingi, kisha maji yakiyafikia yanaanguliwa. Kumwaga maji hakuyaondoi. Sugua kuta za ndani kwa brashi mwezi wa kumi na moja, kabla mvua haijaanza. Mbu wa malaria hawana mayai sugu namna hiyo. Penye maji ya kudumu, kama kandokando ya mabwawa, wanaweza kuendelea kuzaliana, na huko Mali watafiti waliwahi kumtia mbu alama ya rangi mwishoni mwa mvua wakamkamata tena kijiji kilekile miezi saba baadaye, maana yake alijificha kiangazi chote. Wengine huchukuliwa na upepo kutoka mbali.

Hapo ndipo jirani yako anapostahili heshima yake. Amekosea kuhusu kumbikumbi, lakini kuhusu viwavijeshi yuko karibu sana na ukweli. Kiwavijeshi hana usingizi wa msimu. Kiangazi hubaki wachache wachache kwenye sehemu zinazopata manyunyu na majani mabichi, hasa ukanda wa pwani na nyanda za juu. Mvua zikianza, nondo wao husafiri usiku kwa upepo mamia ya kilomita, na pepo zinazokutana kwenye dhoruba huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja, penye nyasi changa. Wanataga, na siku chache baadaye viwavi wamo, wadogo na wa kijani, huwaoni. Ukiwaona weusi wanatembea kundi, wamekwisha kula kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo kwa hao, kuchoma mabua hakusaidii hata kidogo.

Viwavijeshi vamizi walioonekana nchini mwaka 2017 nao hawalali. Asili yao ni bara la Amerika. Kule Marekani, baridi ya kugandisha huwaua kila mwaka katika majimbo ya kaskazini, na wanaosalia ni wale wa kusini kabisa, Florida na Texas, ambao huanza safari upya kila msimu. Huyu mmoja, kijana wako amempatia. Kwetu hakuna baridi hiyo, hivyo wanavuka kiangazi kwenye mahindi ya bustani za umwagiliaji mabondeni.

Nzige wekundu nao niwataje, kwa kuwa wanazaliana kwenye mbuga za Wembere, upande wa Singida na Tabora, na Bonde la Rukwa. Hao hupitisha kiangazi wakiwa wakubwa wenye mabawa, lakini wamezuia uzazi mpaka mvua.

Anayelala ndani ya mabua yako ni funza wa mabua, wengine humwita bungua. Huyu ndiye unayeweza kumpata kwa mkono. Mtama na mahindi vikikomaa, yeye hushuka sehemu ya chini ya bua, karibu na udongo, na kulala humo hadi miezi sita. Maji ya mvua na unyevu ndivyo vinavyomwamsha. Bua lililosimama, au lililofungwa mzigo na kuegeshwa kivulini, ni nyumba nzuri kwake. Ua wa mabua ni nyumba nzuri. Paa la mabua ni nyumba nzuri.

Je, uchome? Moto utaua wengi waliomo, hilo sikufichi. Lakini utaunguza malisho ya Septemba hadi Novemba, miezi ambayo ng'ombe wa Kongwa wanahesabika mbavu, na udongo wako mchanga utapoteza mboji ambayo hauna ya kupoteza. Upepo wa kipupwe nao unaweza kuupeleka moto kwenye shamba la mwenzio. Mimi nisingechoma, isipokuwa masalia ambayo ng'ombe wameyakataa.

Njia ninayoipendelea ni jua. Mara baada ya kuvuna, kata mabua chini kabisa, usawa wa udongo, maana ukikata juu funza unawaacha kwenye visiki. Yatandaze yakilala, tabaka jembamba, juani, kwa wiki nne hivi. Bua lililolala juani linapata joto na kukauka kuliko lililosimama, na sehemu kubwa ya funza hufa humo. Baada ya hapo yakusanye kwa ajili ya mifugo. Ukiweza kuyakatakata vipande vifupi kwa panga au mashine ya malisho, vizuri zaidi, waliosalia hukatwa nayo. Hakikisha yamelika kabla ya mvua za Desemba. Yaliyobaki mvua ikikaribia ndiyo ya kuchoma au kufukia. Visiki ving'oe: visiki vya mtama vikichipua kwa mvua za kwanza, machipukizi yale machanga yana sumu inayoweza kuua ng'ombe, hivyo kazi moja inakupa faida mbili.

Niseme wazi kwamba ukifanya peke yako utapunguza tu, kwa sababu nondo wanaruka kutoka kwa majirani. Wakifanya wengi wa kitongoji kwa msimu mmoja ndipo mtaona tofauti shambani. Kaa na jirani yako huyo, anaonekana mtu wa kutazama mambo.

Sasa nyuki. Nyuki huacha kuruka joto likikaribia nyuzi 10, na mchana wa Kongwa Julai uko juu sana ya hapo. Nyuki wa Ulaya anahimili majira ya baridi kwa kujikusanya kundi moja ndani ya mzinga na kutetemesha misuli ya mabawa, akila asali aliyoweka. Katikati ya kundi joto linabaki nyuzi 20 na zaidi hata nje kukiwa barafu. Amezoea kukaa na kusubiri. Nyuki wetu wa Afrika ana mbinu nyingine: maua yakiisha na maji yakiwa mbali, anahama kufuata mvua na maua. Kwa hiyo mizinga minne kuhamwa mwezi wa saba, kwa kiasi kikubwa, ni njaa na kiu. Nisichoweza kujua nikiwa mbali ni kama kuna sababu ya pili. Mlirina lini mara ya mwisho, na mliacha masega mangapi? Ukirina yote mwezi wa tano umewaondolea akiba ya kiangazi chote. Je, masega yaliyobaki yana utando na vinyesi vya funza wa nondo wa nta? Kuna sisimizi kwenye kamba? Upepo unapiga moja kwa moja kwenye mlango wa mzinga?

Kwa miwili iliyobaki, weka maji karibu kwenye beseni lenye mawe au vijiti wasizame, na ubadilishe kila siku mbili ili mbu wasizaliane humo. Ihamishie usiku penye kivuli na kinga ya upepo, kwa msaada wa mtu aliyezoea na mwenye mavazi. Ile minne isafishe, ondoa masega yaliyoharibika, paka nta kidogo ndani, uitundike tena kabla miti haijaanza kutoa maua karibu na mvua. Makundi huwa yanarudi msimu huo, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi kwamba yatakuwa yaleyale.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukikuta nyuki wamekufa chini ya mzinga badala ya kuhama, usiguse kitu, mwite afisa nyuki wa wilaya akague, maana hapo yaweza kuwa sumu ya viuatilifu au ugonjwa. Ukiona viwavi weusi wanatembea kundi, siku hiyohiyo mpe taarifa afisa ugani wa kata yako, kwa kuwa kuchelewa siku mbili ni kupoteza shamba, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu huhitaji taarifa hizo mapema. Usinunue dawa kwa kuambiwa dukani tu. Chukua bua lenye funza, lipasue, umtie kwenye chupa na kipande cha bua, umpelekee afisa ugani au wataalamu wa mtama wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo, kwa sababu funza wa mabua wako wa aina zaidi ya moja na hawatibiwi sawa. Kuhusu kuhifadhi mabua kwa ng'ombe bila kupoteza lishe, ninyi wa Kongwa mna bahati: kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kiko hapohapo kwenu, nenda ukaulize ukiwa na kipimo cha mabua uliyonayo na idadi ya ng'ombe wako.